Ngege wa Baba Mkwe

Mimi nina mdomo, na nalisema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Pale Gikomba ninapouza nguo za watoto za mitumba, wenzangu wananiita Redio. Mteja akishika gauni langu akaanza kulitafutia ila, nitamjibu mpaka alinunue au akimbie. Lakini duniani kulikuwa na mtu mmoja ambaye mdomo huu haukuruhusiwa kumfungukia hata kidogo, na Mungu alivyo na mchezo, ndiye huyo aliyeletwa kukaa kwangu Nairobi, mtaa wa Baba Dogo, mwaka wa tisini na tatu. Baba mkwe wangu, Mzee Opicho.

Nieleze kwa asiyejua. Kwetu sisi Wabukusu, mke na baba wa mumewe hawashikani mikono. Hawaketi wakatazamana. Mkikutana njiani unampisha kwa mbali, macho chini. Chakula chake unakiweka mahali, unarudi nyuma, ndipo naye anasogea kukichukua. Kumjibu kwa ukali ni aibu ya ukoo mzima, na kumgusa, hata kwa bahati mbaya, ni jambo la kuitwa wazee na kutafutwa mbuzi. Kule nyumbani Bungoma adabu hii haina taabu, kwa sababu yeye ana nyumba yake, wewe una yako, na katikati kuna shamba la mahindi. Sasa njoo uifuate Baba Dogo, ndani ya chumba kimoja cha kupanga kwenye ploti ya wapangaji wengi, kitanda huku, pazia, viti huku.

Hakuja kututembelea. Nyumba yake ilichomwa kwenye yale mapigano ya mashamba kule karibu na mlima. Ng'ombe walikwenda, mahindi yakaungua ghalani, na yeye, mjane wa miaka mingi, akabaki na koti alilovaa. Mzazi akitoka nyumbani kuja kwa mwanawe Nairobi huwa ana kuku kwapani, ana mkungu wa ndizi, ana unga wa wimbi. Yeye aliposhuka basi alikuwa na mfuko mmoja wa plastiki. Alisimama nje ya mlango, akakataa kuingia, akamwambia Job mume wangu, "Mwanangu, nimekuja mikono mitupu." Job akasema karibu Baba, hiyo si kitu. Lakini mimi nilikuwa nachungulia kwenye pazia na nilimwona yule mzee. Kwake ilikuwa kitu.

Ndani kwetu hangeweza kulala. Bahati nzuri jirani yetu Willis, kijana asiye na mke, alikuwa akifanya zamu ya usiku kiwandani, kwa hivyo usiku kitanda chake kilikuwa bure. Mzee akawa analala kwa Willis. Asubuhi Willis akirudi kulala, mzee anatoka. Kwangu hawezi kushinda, kwa Willis hawezi kushinda. Basi akawa anazunguka tu, mikono nyuma, mpaka siku moja akaugundua mto.

Ee Mungu wangu, ule mto! Kama hukukaa Baba Dogo miaka ile hutanielewa. Unapita nyuma ya viwanda, na rangi yake inategemea viwandani wameamkaje. Leo samawati, kesho una povu jeupe, keshokutwa mweusi na juu yake mafuta yanang'aa rangirangi. Sisi wenyeji hata miguu tulikuwa hatuoshi pale. Lakini mzee wetu amezaliwa ukingoni mwa mto Nzoia, amevua tangu utotoni, na yeye akiona maji haulizi rangi. Aliona kitu kinachezacheza chini ya povu. Akarudi kumwambia Job kwamba kuna samaki.

Na kweli walikuwepo! Mpaka leo sijui walikuwa wanaishije mle ndani.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Job akaniambia, "Nangila, ukipita sokoni mletee Baba ndoana na uzi wa nailoni, apoteze muda." Nami nikanunua! Nikafurahi hata, nikasema heri apate la kufanya. Mzee akakata mwanzi mrefu, akafunga uzi, akachimbua minyoo nyuma ya bafu la ploti. Jioni yake akaja mbele ya mlango wangu na ngege watano wadogo, wale samaki bapa wa magamba, kila mmoja wa kuenea kiganjani, amewatunga kwenye jani refu. Akawaweka juu ya stuli, akarudi nyuma, akakohoa.

"Mama Marion," akasema, akiangalia ukutani. "Mboga hiyo."

Alichokupa baba mkwe unapika. Humrudishii, humuulizi kimetoka wapi. Nikawatia wawili kwenye mafuta. Lo! Mafuta yalipanda povu kama nimetia sabuni. Halafu ikatoka harufu, jamani, ya mlango uliopakwa rangi leo asubuhi. Marion wangu, alikuwa na miaka minne, akaanza kupiga chafya. Jirani yangu Triza akagonga ukuta kutoka chumba cha pili, "Mama Marion, mnapaka rangi saa hizi?" Nikaepua sufuria nikaitoa nje. Paka wa Triza akaja akanusa, akaniangalia, akaenda zake.

Siku hiyo tulikula sukuma wiki, nikamwambia Job amwambie baba yake kwamba samaki wameungua. Kisha nikamkalisha kitandani nyuma ya pazia.

"Job, mwambie baba yako samaki wa mto ule ni sumu."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Jumapili, tukitoka kanisani."

Jumapili ikapita. "Job, umemwambia?" Ati alikuwa amechoka. Jumapili nyingine ati kulikuwa na watu. Job ni mtu mzuri, hanywi, hanipigi, kazi yake ya reli anaenda kila siku, lakini mwambie amkabili baba yake na neno gumu, anageuka mtoto wa darasa la kwanza. Na mzee hakungoja Jumapili za Job. Kila jioni akohoe nje, "Mama Marion, mboga hiyo," na pale kwenye stuli ngege watatu, wanne, wananuka mafuta ya taa. Naye anaketi nje kwa Willis akingoja sahani. Na mtoto wangu anamngojea babu yake amkatie kipande, maana anampenda kuliko sisi sote.

Ningefanya nini mimi? Visingizio vya samaki kuungua vilikuwa vimeniishia. Kumwambia siwezi, kupika siwezi, kutopika siwezi. Nikatumia akili. Gikomba mahali ninapouza si mbali na wanawake wa samaki. Nikaanza kununua ngege wadogo wadogo, wa kiganja. Jioni mzee akileta wake, nasema "Asante, Baba," naingia nao nyuma ya pazia, nawafunga kwenye gazeti, wanakwenda chooni. Wa Gikomba wanaingia kwenye sufuria. Nikamwekea sahani yake, akala huko nje kwa Willis, mlango wetu ukiwa wazi. Job akala kichwa kimeinama. Marion akalalamika miiba, akala. Nikalala usingizi wa amani siku hiyo, nikijiona mjanja wa mji.

Mjanja wapi! Nilikuwa nimejifunga kamba mwenyewe. Kwanza sikujua leo atavua wangapi. Nikinunua watatu, analeta saba. Inanibidi niseme wanne nimewakausha. Nikinunua saba, harudi na hata mmoja, nami nina samaki chini ya kitanda ambao siwezi kuwapika, maana atauliza wametoka wapi! Nikawa nampelekea Triza kwa siri kama mwizi. Wauza samaki nao wakanifanya kichekesho: "Redio, mbona unachagua vidogo? Unafuga?" Nami sina nafasi ya kukagua, nina haraka, nachukua wanachonipa natia mfukoni. Nikifika nyumbani nimechoka, miguu imevimba, bado nikae nilinganishe urefu wa samaki kwa urefu wa samaki. Haki ya Mungu, nilikuwa nikimwangalia Job anavyochambua mwiba taratibu pale, natamani kumpiga na mwiko.

Na mzee? Mzee alinawiri. Alinyoa ndevu. Akawa akitoka asubuhi na mwanzi wake begani anasalimia watu ploti nzima. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Job, "Mwanangu, mto huu watu wanaudharau bure. Una baraka." Baraka! Nilikaribia kuangusha sufuria. Mimi ndiye niliyekuwa mto wenyewe, na wenye kujua ni mimi na Job peke yetu.

Halafu ikawa mbaya zaidi, kwa sababu mtu akiona anabarikiwa hugawa. Jioni moja Triza akaja mlangoni na mtoto wake mchanga mgongoni, anacheka, "Mama Marion, mzee wenu ni mtu wa Mungu. Ameniletea samaki." Niliruka. "Umepika?" Bado. Nikamvuta ndani nikamnyang'anya ile sahani, nikampa wa kwangu, nikamweleza yote. Triza akashika kiuno.

"Dada, sasa utalisha mtaa mzima kutoka Gikomba?"

Willis hakuwa na bahati hiyo. Alipewa wawili, akajipikia kwenye stovu yake, akala wote. Kesho yake nikamkuta ameegemea mlango wa choo, macho yamezama.

"Mathe, tangu nitoke zamu niko huku. Hiyo pombe ya jana ilikuwa noma."

"Ulikunywa pombe ngapi?"

"Moja tu. Ndiyo nashangaa."

Nikamtilia chumvi na sukari kwenye maji. Kisha nikapiga hesabu. Willis ni kijana wa kubeba magunia, na samaki wawili wamemlaza. Marion ana miaka minne, na kifua chake kibovu tangu kuzaliwa. Nilikuwa nashinda Gikomba kutwa, mtoto namwachia Triza, na babu yake yuko hapo anapitapita na samaki mkononi. Nikamwambia Job: leo. Si Jumapili, si kesho, leo, la sivyo mimi narudi kwetu na mtoto wangu.

Job akatoka, akaenda mtoni kumtafuta baba yake. Nikaona hatimaye nimepata mume. Akarudi baada ya muda mrefu. Mkononi alikuwa na ngege wawili.

"Umemwambia?"

Akaketi kwenye kiti, akawaweka wale samaki sakafuni. "Nilishindwa, Nangila. Alikuwa ananionyesha jinsi ya kushika mwanzi. Samaki akatoroka, akacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo." Akajifuta uso. "Tangu nyumba ichomwe, hajacheka. Nimwambie nini?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, lakini alikuwa karibu kulia, na mwanamume akikulilia chumba kimoja hakuna pa kutokea. Nikafunga samaki wale kwenye gazeti nikaenda chooni.

Basi siku yenyewe ilikuwa katikati ya wiki. Robota la mitumba nililofungua Gikomba halikuwa na kitu ila makoti ya watoto yaliyotobolewa na nondo, na mvua ikaanza kutishia, nikafunga mapema. Nikafika Baba Dogo jua bado lipo. Triza alikuwa anaanika nguo.

"Marion yuko wapi?"

"Mzee amemchukua. Wameenda mtoni."

"Na wewe ukamwachia?"

"Nimkataze babu yake, mimi kama nani? Wewe mwenyewe humkatazi!"

Kweli tupu, na sikuwa na muda wa kubishana nayo. Nilitupa kikapu changu pale pale nikakimbia. Patipati moja ilikatika karibu na ukuta wa kiwanda, nikaacha zote mbili, nikateremka ule mteremko wa takataka peku. Moshi niliuona kabla ya kuwaona wao. Mzee alikuwa ameketi juu ya jiwe, amewasha moto wa maboksi na vijiti, na samaki amechomwa kwenye kijiti. Marion amechuchumaa mbele yake, mikono magotini, anangoja. Mzee alikuwa akichambua miiba kwa vidole vyake vizito, mmoja mmoja, anaangalia kwenye mwanga, anapuliza. Akainua kipande. Mtoto akafungua mdomo.

Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Nikafika, nikampiga mkono. Ndiyo, baba mkwe wangu, nilimpiga mkono kwa mkono wangu huu, kofi, kipande kikaruka majivuni. Nikatia kidole mdomoni mwa Marion kutafuta kama amemeza. Hakuwa na kitu. Akaanza kulia. Nikamkumbatia, na mzee amekaa pale pale juu ya jiwe, anauangalia mkono wake niliougusa.

Nikajua nimeshavuka mpaka, na kwa kuwa nimeuvuka, nikaamua kwenda mpaka mwisho.

"Baba, hawa samaki hawaliwi!" nilisema, na sikuangalia chini. "Huu si mto, ni mtaro wa viwanda. Watu wote wa hapa wanajua. Willis nusura afe."

"Mimi nimewala mwezi mzima," akasema polepole. "Na ninyi mmewala."

"Hujawahi kula hata mmoja! Hata mmoja, Baba! Wako nawatupa chooni. Unaokula ni wa Gikomba, nanunua mimi. Kila siku nanunua mimi."

Nilitarajia anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, kwa mbuzi, kwa kikao cha wazee. Yeye aliutazama mto. Povu lilikuwa likipita. Kisha akautazama mwanzi wake uliolazwa majanini.

"Nilidhani nawalisha," akasema.

Akazima moto kwa kukanyaga, akauzungusha uzi kwenye mwanzi taratibu, akachoma ndoana kwenye kizibo ili isimdunge mtoto. Akatangulia. Nasi tukamfuata kwa mbali, mimi na Marion mgongoni, mpaka ploti.

Hapo ndipo aliponimaliza nguvu. Nilidhani ataingia kwa Willis ajifungie. Hakuingia. Alianza mlango wa kwanza karibu na lango, akagonga, akavua kofia. "Mama, wale samaki niliokuletea juzi, kama umebakisha, usile. Usimpe mtoto. Ni wabaya. Sikujua." Akaenda mlango wa pili. Kumbe alikuwa amegawia nyumba nyingi kuliko nilivyojua! Mlango wa tatu wakacheka, kijana mmoja akasema ati sisi tulitupa zamani mzee, nani anakula vitu vya huko. Akasema asante mwanangu, umefanya vyema, akaendelea. Alifika mpaka kwa Triza, akamwambia maneno yale yale, na Triza aliyekuwa anajua kila kitu akaitikia "Sawa, Baba" huku anajifuta macho na kanga. Mzee ambaye jambo la kumuua lilikuwa kuonekana mikono mitupu, anazunguka ploti nzima kuwaambia watu kwamba hakuwapa kitu. Nilisimama pale kwenye bomba la maji, hasira yote imenitoka, nikatafuta pa kuipeleka nisipate.

Nikaipata Job alipotoka kazini. Habari ilikuwa imemfikia langoni, kutoka mdomoni mwa Marion.

"Nangila, ni kweli umempiga Baba mkono?"

"Leo ndiyo una mdomo?" nikamwambia. "Jumapili zote zile ulikuwa umeuweka wapi? Mbuzi nitatafuta mimi, wazee nitaita mimi, samaki nilinunua mimi! Wewe kazi yako katika nyumba hii ni nini, kuchambua miiba?"

Angenijibu, lakini mlango wa Willis ulifunguka. Mzee akatoka amevaa koti lake lote, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, na ule mfuko wa plastiki mkononi.

"Job, nisindikize stendi," akasema. "Nitapata basi la usiku."

"Uende wapi, Baba?"

"Nyumbani."

Job akaangalia chini. Wote watatu tulijua nyumbani kuna nini. Kulikuwa na majivu, na watu wengine wameshalima juu yake. Yule mzee angeshuka basi alfajiri asijue aelekee upande gani. Na Job, Mungu amsamehe, akaunyoshea mkono ule mfuko, ambebee! Ndivyo alivyolelewa, akitumwa na baba yake hasemi neno.

Basi nikaingia kati. Nilisimama mbali kama inavyotakiwa, macho nikayainamisha kama inavyotakiwa, lakini sauti sikuishusha.

"Baba, nimekukosea leo kosa kubwa na nitalilipa. Lakini sikia. Hapa si hoteli ya mtu kuingia na kutoka. Mgeni anakaa wiki, na wiki yako iliisha zamani. Wewe ni mtu wa nyumba hii, na watu wa nyumba hii wanafanya kazi. Mimi naamka alfajiri, nashinda nimesimama, nikirudi napanga foleni ya maji, halafu nikimbie kwa wanawake wa samaki wananirushia chochote kwa sababu wanaona sina muda. Kama una nguvu za kukaa kutwa juu ya jiwe ukimngoja samaki wa kiganja, una nguvu za kwenda sokoni kuninunulia chakula. Mimi nimechoka! Nimechoka na samaki, nimechoka na ninyi wawili, na mtu asinibebee mfuko mbele yangu hapa."

Triza alikuwa amesimama na beseni lake hatingishiki. Job alikuwa ameziba mdomo wake kwa mkono. Mke wa mwana anampa baba mkwe kazi, hadharani, kwa sauti ya Gikomba! Nikangoja dunia ipasuke.

Mzee aliuweka mfuko chini.

"Mama Marion."

"Naam, Baba."

"Hao samaki, ulikuwa unanunua kwa nani?"

Sikuelewa. "Kwa mama mmoja pale mwanzo, Baba, karibu na wachonga viti."

"Anakuibia." Akageuka kidogo, akawa anazungumza na ukuta kama kawaida yake. "Wamelala hao. Jicho limezama ndani, nyama inaachana na mfupa yenyewe. Hata ukikaanga vipi, yale machungu ya nyongo yanabaki."

Mwezi mzima! "Sasa Baba, kama ulikuwa unajua ni wabaya, kwa nini hukusema?"

"Nilijua ndivyo mto wa hapa ulivyo. Nikasema moyoni, maji haya si ya Nzoia, ladha itatoka wapi?" Akakohoa. "Mimi kuwameza ilikuwa kazi. Lakini nilikuwa nawaona mnakula. Wewe, Job, mtoto. Nikawa nameza."

Nikamwangalia Job. Job naye akaniangalia, na uso wake ukaniambia kila kitu. Hata yeye hakuwapenda. Mimi ndiyo kabisa, ngege wale walikuwa wakinikwama kooni, nakula ili mzee asishuku. Hakukuwa na mtu hata mmoja katika familia ile aliyewapenda wale samaki, na kila jioni tulikuwa tumeinamia sahani zetu, kila mmoja anamlia mwenzake.

Nilikaa chini juu ya ndoo ya maji nikalia kwa hasira, mbele ya watu wote, na kamasi juu. Marion akaja akaniuliza nani amenipiga.

Mzee hakunisogelea, adabu ni adabu. Aliuchukua ule mfuko wake akaurudisha ndani kwa Willis, kisha akatokea tena mlangoni, anafungua vifungo vya koti.

"Kesho tutoke mapema," akasema kwa ule ukuta, "kabla yule mama hajachanganya wa jana na wa leo."